Uzito Ukae Wapi: Kujitengenezea Chambo cha Besi na Kuandaa Mashua Ndogo

Mabibi na mabwana, wavuvi wenzangu, asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumze juu ya kujitengenezea zana za kuvulia besi, yule samaki mwindaji wa ziwani: chambo bandia kwanza, kisha mashua ndogo ya kumfuata huyo samaki majini. Ni mambo mapana. Nitayashika kwa upande mmoja tu, ule ninaoamini ndio unaowashinda wengi wanaoanza, nao ni suala la uzito. Uzito kiasi gani, na ukae wapi. Anayelielewa hilo atachonga chambo kwa kisu cha kawaida na kitafanya kazi. Asiyelielewa atakuwa na karakana nzima, na chambo chake kitarudi juu ya maji kimelala ubavu.

Zana za mkono hazina unyonge wowote, tusidanganyane. Tarehe 2 Juni 1932, katika jimbo la Georgia, Marekani, kijana wa shambani aitwaye George Perry alimvua besi wa pauni 22 na aunsi 4, yaani kilo 10 na ushee. Rekodi hiyo haijavunjwa mpaka leo. Imefikiwa tu, na Manabu Kurita, katika ziwa Biwa kule Japani, tarehe 2 Julai 2009. Husimuliwa kwamba Perry na mwenzake siku ile walikuwa na chambo kimoja tu baina yao, na mashua waliyokuwamo Perry alikuwa ameiunga mwenyewe kwa mbao za kuokoteza.

Sasa tumtazame samaki mwenyewe, maana chambo hakichongwi kabla ya kumjua atakayekila. Besi mwenye mdomo mpana ni mviziaji. Hukaa penye gogo lililozama, ukingoni mwa magugu, kwenye kivuli cha mwamba au chini ya gati. Hafukuzi windo masafa marefu. Hungoja kitu kipite karibu, kisha hufumbua kinywa kwa ghafla na kuyavuta maji ndani pamoja na kilichomo. Ubavuni ana mstari wa hisi unaopokea mitetemo ya maji, kwa hiyo penye maji machafu au giza anajua kuna kitu kinapita kabla hajakiona. Hapo ndipo ninaposema mwendo kwanza, rangi baadaye. Watu hukaa usiku kucha wakipaka magamba mamoja mamoja kwa brashi nyembamba. Kazi nzuri, inapendeza kwenye ukuta. Lakini chambo kinachoyumba sawasawa, hata kikiwa na rangi mbili tu, mgongo mweusi na tumbo jeupe, kitavua.

Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini, aliliona hilo mapema. Alikuwa amewatazama samaki wakubwa wakipita katikati ya kundi la vidagaa na kumchagua yule anayeyumba, aliyekosa mizani. Mwaka 1936 akachonga chambo kwa gome la koki, akakizungushia karatasi za kung'aa za chokoleti, na juu yake akapaka filamu za picha zilizoyeyushwa ziwe kama vanishi. Vifaa vyote hivyo vilikuwa vya kuokota. Alichokifanya Rapala ni kuuweka ule myumbo ndani ya chambo kwa makusudi, na biashara kubwa iliyokuja baadaye ilisimama juu ya hapo.

Mnaoanza, nawashauri msianze na chambo cha kuzama, kile chenye ulimi wa plastiki mbele unaokipeleka chini kikivutwa. Kinavutia, lakini kina mambo manne yanayoweza kuharibika kwa wakati mmoja, nanyi hamtajua ni lipi. Anzeni na kijiti cha juu ya maji. Chukua kipande cha msonobari au mwerezi, sentimita 10 au 11 kwa urefu, sentimita 2 kwa unene. Kabla kisu hakijagusa ubao, piga mstari wa kati kwa penseli, juu na chini, kutoka ncha hadi ncha. Ukishauchonga ubao ukawa mviringo hutaupata tena huo mstari, na tundu la ndoana likikaa pembeni hata milimita 2, chambo kitaegemea upande milele. Halafu chonga polepole, ncha zote mbili ziwe nyembamba kidogo, upige msasa mpaka kidole kisikwame popote.

Sasa risasi, ile metali nzito ya kukipa chambo uzito. Wengi hutoboa tundu la risasi kwa kukisia, wakaziba, wakapaka rangi, kisha ndipo wanakwenda kujaribu majini. Hiyo ni kazi ya kubahatisha. Fanya hivi: funga ndoana zako zote mahali pake kwa muda, chukua vipande vidogo vya risasi, vibane tumboni mwa chambo kwa mpira mwembamba, ukiweke chambo kwenye beseni la maji. Kitazame kinavyokaa. Sogeza risasi nyuma kidogo, tazama tena. Kijiti cha juu ya maji kinatakiwa kikae kimeinamisha mkia, pua imechomoza juu. Kikikaa hivyo, ukivuta mshipi kwa mishtuko mifupi na kuulegeza kila baada ya mshtuko, pua itakwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, bila ulimi wala kifaa kingine. Kikikaa bapa, kitakuja moja kwa moja kama kijiti kilichoanguka mtoni, na hakuna rangi itakayokiokoa.

Ukipata mahali, weka alama ya penseli, ndipo utoboe. Na zingatia hili: risasi ikiwa nje, maji yanaibeba kidogo. Ukiiingiza ndani ya ubao, msaada huo unapotea na chambo kinazama zaidi kuliko ulivyoona kwenye beseni. Tofauti ni ndogo, lakini kwa chambo cha gramu 12 inaonekana. Punguza kidogo kabla ya kuziba.

Mkishakizoea kijiti, njooni kwenye chambo cha kuzama. Hapa hesabu inasaidia, nayo si ngumu. Tuseme umechonga mwili wa balsa. Uzamishe kwenye kikombe chenye vipimo usome maji yamepanda kiasi gani. Tuseme mililita 15. Maana yake maji yanaweza kukibeba chambo mpaka gramu 15 hivi. Balsa yenyewe ni nyepesi sana, mwili huo utakuwa kama gramu 2 na nusu. Ndoana mbili za kucha tatu pamoja na pete zake, gramu 2 na nusu. Waya, gramu 1. Ulimi, gramu 1. Rangi na gundi ya epoksi juu yake, gramu 2. Jumla 9. Umebakiwa na gramu 6 za kuchezea. Weka 3, chambo kitapanda haraka kila ukiacha kuvuta, nacho kitakuwa kizuri kwa kupitisha kwenye magogo, kwa sababu kikigonga tawi unalegeza mshipi na chenyewe kinarudi nyuma na kuelea. Weka 5, kitapanda polepole. Ukiikaribia 6, kitaning'inia katikati ya maji, hakipandi wala hakishuki. Chambo hicho cha kuning'inia ni kitamu kwa besi aliyepoa kwa baridi, ila kina tabia: maji ya baridi ni mazito kuliko ya joto, kwa hiyo chambo kilichoning'inia vizuri asubuhi ya baridi kinaweza kuzama taratibu siku ya joto.

Mahali pa risasi ni chini kabisa tumboni, ndani ya mstari wa kati. Ikipanda juu kidogo, chambo kinapinduka ukivuta kwa kasi. Ikiwa nyuma sana, utarusha mbali, lakini mkia utakuwa mzito na myumbo unakufa. Mimi huiweka kati ya ulimi na ndoana ya mbele, nikikubali kupoteza mita chache za kurusha. Wako mafundi wazuri wanaoona vinginevyo, hasa wanaovua penye upepo mkali.

Ulimi nao ni suala lile lile la mizani, ila hapa uzito ni wa maji yanayosukuma. Tumia plastiki ngumu ya polikaboneti, unene wa milimita 1 na nusu hivi. Ulimi mrefu uliolala karibu na mstari wa mwili hukipeleka chambo chini sana. Ulimi mfupi uliosimama wima hukiacha karibu na uso wa maji na kukiyumbisha kwa upana. Kata ufa wa ulimi wakati ubao bado una pande bapa, kabla hujauchonga mviringo, maana hapo tu ndipo msumeno unaweza kukaa sawa.

Waya upitie mwili mzima, kutoka puani hadi mkiani, na kitanzi cha ndoana ya tumboni kiwe sehemu ya waya huo huo. Balsa ni laini. Besi mkubwa akijipinda na kujirusha anaweza kuing'oa skrubu, au kuupasua ubao. Waya ukiwa mmoja, hata ubao ukipasuka samaki bado yuko mkononi mwako, na haendi zake na ndoana mdomoni. Kuna wanaosema ni kazi ya ziada. Ni kazi, ndiyo. Ifanyeni.

Kabla ya rangi, ziba vinyweleo vya ubao kwa epoksi nyembamba au vanishi, mara mbili. Maji yakiingia kwenye ubao, uzito wote ulioupima unabadilika. Baada ya rangi, paka epoksi ya mwisho na ukigeuzegeuze chambo mpaka igande, la sivyo yote itateremka upande mmoja na kukuharibia mizani.

Na chambo kikikamilika, bado hakijakamilika. Kivute majini ukitazame. Kikikimbilia kulia kwako, kishike pua ikikuelekea, ukipinde kile kitanzi cha kufungia mshipi kuelekea kushoto kwako, kidogo mno, kwa koleo. Jaribu tena. Kikikimbilia kushoto, pinda kulia. Wengi hupinda kwa nguvu mno mara ya kwanza, halafu wanafukuzana nacho mchana kutwa.

Vijiko na mapanga ya kuzunguka, yaani chambo vya chuma, nitavipita haraka, kwa kuwa ni rahisi. Kijiko cha chuma kilichokatwa mpini, kikatobolewa tundu kila ncha na kingo zake zikapigwa tupa, ni chambo kamili. Julio Buel alipata hataza ya chambo cha namna hiyo Marekani mwaka 1852. Chuma kinene kinazama haraka na kuyumba kidogo, chembamba kinapepea.

Minyoo ya plastiki laini inahitaji maneno zaidi, kwa sababu ya usalama. Nick Creme aliipika ya kwanza yake nyumbani, Akron, Ohio, mwaka 1949, na tangu hapo watu wengi wamefuata nyayo zake. Unachonga umbo, unalimwagia jasi, inakuwa kalibu. Plastiki ya maji huiva karibu na nyuzi 170 za Selsiasi. Ikizidi sana inaungua na kutoa moshi mbaya kwa mapafu, kwa hiyo pikieni nje au penye hewa ya kutosha, na chombo cha kupikia kisirudi kwenye chakula kamwe. Jasi ikaushwe kabisa na kupakwa vanishi. Unyevu ukikutana na plastiki ya moto huwa mvuke papo hapo na kuirusha usoni.

Kwa risasi, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327. Tone moja la maji ndani ya chungu cha risasi iliyoyeyuka linatosha kuirusha yote hewani. Miwani, glavu nene, mikono mirefu, viatu vilivyofunikwa, na mtoto asikaribie, si kwa sababu ya moto peke yake bali kwa sumu. Sumu hiyo haiishii kwetu. Uingereza ilipiga marufuku kuuza chubwi (vizito vya mshipi) nyingi ndogo za risasi mwaka 1987, baada ya mabatamaji kuzimeza na kufa. Bati, bismuthi, tangsteni na chuma cha kawaida vyote vinafanya kazi ya chubwi. Kwa kuwa bati na chuma ni vyepesi kuliko risasi, tundu litakuwa kubwa kidogo, na kipimo mnarudia kwenye beseni kama nilivyoeleza. Mimi napenda tuelekee huko sote, na kwa mtu anayetengeneza vichache kwa mkono hakuna kisingizio.

Sasa mashua, iwe ya alumini yenye sakafu bapa, mtumbwi, au kayaki. Nikija kwenye mashua sibadilishi mada. Chambo kina gramu chache za risasi, mashua ina betri na ina wewe mwenyewe, na wewe ndiwe uzito mkubwa kuliko wote humo ndani. Tena unatembea.

Kitu cha kwanza watu wanachotaka kujenga ni jukwaa la plaiwudi, wasimame juu yake warushe vizuri. Naelewa kwa nini: ukisimama unaona mbali. Lakini kila sentimita unayoinuka, mashua inazidi kuwa tayari kukupindua. Mtu wa kilo 80 akisimama juu ya jukwaa la sentimita 30 kwenye mashua nyembamba, hatua moja ya kando inatosha. Jengeni jukwaa la chini, liwe katikati, na chini yake wekeni vitu vizito. Plaiwudi ipakwe epoksi pande zote, hasa kingo zilizokatwa, maana hapo ndipo inaponyonya. Msitumie mbao zilizotiwa dawa yenye shaba ndani ya mashua ya alumini. Shaba na alumini vikikutana penye unyevu, alumini inaliwa. Na msitoboe chini ya mstari wa maji kwa sababu yoyote ile.

Betri ya risasi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Kama umekaa nyuma karibu na mota, betri iende mbele, na waya uwe mnene wa kutosha kwa urefu huo. Waya mwembamba hupata joto na mota inakosa nguvu. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, si karibu na mota, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya wote. Hesabu ya muda ifanyeni nyumbani: mota ya umeme inayokula ampea 50 kwa kasi ya juu itaimaliza nusu ya betri hiyo kwa saa moja, au mapema zaidi, na betri ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu. Kwa mwendo wa polepole unaokula ampea 10, unapata saa 5 hivi. Basi nendeni polepole. Besi mwenyewe yuko kwenye magugu yale yale.

Kelele ni jambo ninaloliona likidharauliwa. Sauti husafiri majini kwa karibu mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Koleo likianguka kwenye sakafu ya alumini, kila samaki aliye chini ya mashua amepata habari. Tandikeni sponji ngumu isiyonyonya maji mahali pote mnapokanyaga na mnapoweka zana, na makasia yafungwe kitambaa pale yanapogusa ubavu.

Nanga isifungwe ubavuni. Mkondo au upepo ukiisukuma mashua na kamba imeshika ubavu, mashua inainama upande huo na maji yanaingia. Ifungeni omo, yaani mbele, au tezi, yaani nyuma, kama maji yametulia. Kwenye kayaki, tengenezeni kitanzi cha kamba kinachozunguka kwenye roda mbili, moja mbele na moja nyuma, ili muisogeze nanga bila kujipinda. Penye maji ya kina kifupi, pondo lililochomekwa matopeni ni bora kuliko nanga, na halina mshindo.

Halafu chelezo, yaani kitu cha kuielesha mashua ikijaa maji. Lita 30 za sponji isiyonyonya maji hubeba karibu kilo 29 mashua ikijaa. Jumlisheni uzito wa mota, betri na vingine vinavyozama, muweke sponji inayozidi hapo, mkiifunga juu kwenye pande za mashua ili isipinduke. Kisha, siku ya joto, karibu na ukingo, penye maji ya kiunoni, bila betri ila kwa mzigo wa uzito kama huo, ijazeni maji kwa makusudi mwone inafanyaje. Jaketi okozi livaliwe tangu kutoka ukingoni. Marekani, tangu Aprili 2021, mwendesha mashua ndogo yenye injini ya nguvu za farasi 3 na zaidi analazimika kujifunga kwenye kamba inayoizima injini akianguka. Hata pasipo na sheria hiyo, jifungeni.

Mwisho ni haki ya samaki. Kile kijino kwenye ncha ya ndoana kibonyezeni kwa koleo. Utapoteza samaki wachache, na wale unaowaachia watapona upesi. Dume la besi hulinda mayai na vitoto kwenye kiota. Ukimwondoa, samaki wengine wadogo wanafika na kula vyote kwa muda mfupi. Akivuliwa hapo, mrudisheni pale pale, haraka. Na besi hai asihamishwe kutoka ziwa moja kwenda jingine, hata kwa nia njema. Asili yake ni Amerika Kaskazini, na mahali pengi alikopelekwa amewamaliza samaki wa pale. Mashua nayo isafishwe, imwagwe maji yote na ikaushwe kabla ya kuingia ziwa jingine.

Meza iko upande wa kulia, ina misumeno, msasa, risasi iliyokatwa tayari na mabeseni matatu yaliyojaa maji. Mliokuja na chambo ambacho kimekataa kukaa sawa, kileteni. Tutaanza na hicho.